Kemboi kwa Herufi Ndogo

Mwanamume aliyekaribia kuiua kesi ya Selipher hajawahi kuzaliwa. Hana mama, hana kijiji, hana kitambulisho. Lakini mawakili wa kule Melbourne walikuwa wamemwandika kwenye karatasi za mahakama kwa herufi kubwa, Kemboi, na gazeti moja la huko likasema kwamba yaya Mkenya aliyewashtaki waajiri wake kwa kumfanyisha kazi miaka mitatu bila siku ya mapumziko alikuwa ametoroka tu ili aende kukaa na mpenzi wake.

Selipher alinitumia picha ya gazeti hilo asubuhi moja, pamoja na ukurasa wa tafsiri. Nilikuwa jikoni kwa Madam Munira, hapa Riyadh, nachambua mchele. Nilisoma nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikasoma mara ya pili na kicheko kikaniisha chote, maana niliona kwamba wale watu hawakuwa wakitania.

Mimi na Selipher tulipanda ndege moja kutoka Nairobi, viti vya kushikana, miaka mingi sasa. Yeye alishukia Riyadh, mimi nikapelekwa Jeddah. Baadaye ile familia yake ilihamia Australia kwa kazi ikaondoka naye. Siku aliyoamua kuwaacha alinitumia ujumbe wa sauti, na baada ya kesi kuanza upande wa pili ukadai usikilizwe. Maneno yake nayakumbuka hadi leo: "Shirleen, mimi nimechoka. Kesho natoka kemboi. Usiniulize kitu, nitakupigia nikifika."

Mtafsiri wa mahakama akaandika: Kesho ninaondoka pamoja na Kemboi.

Nilisikia ni mzee Mtanzania, msomi, ana cheti na muhuri. Simlaumu sana. Kiswahili chake ni kile cha vitabu, na hilo neno letu halimo kitabuni. Kemboi ni jina la watu kwetu Kenya, ndiyo, jina la Wakalenjin. Ila sisi tuliofanya kazi za nyumbani huku Uarabuni tuliliazima kwa mkimbiaji wetu mmoja wa mbio za kuruka viunzi na maji, tukalipatia kazi nyingine. Mwanamke akiacha nyumba ya kafili wake, mwajiri anayemdhamini, bila ruhusa, akaanza kujitafutia vibarua mwenyewe, huyo ni kemboi. Anatoka kemboi, anaishi kemboi. Hakuna mwanamume hapo. Kuna mwanamke na mfuko wake wa plastiki.

Nilimpigia Selipher pale pale.

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia, Shirleen. Wakili wao akaniuliza ni kamusi gani imeandika hivyo. Nikasema hakuna. Akageuka akamwangalia jaji hivi, akaketi."

"Na jaji?"

"Jaji amesema mimi ni mwenye kesi, siwezi kuwa pia kamusi yangu. Ametupa siku kumi na nne tulete mtu mwingine. Huo ujumbe ulikuja kwako. Susan anakutaka wewe."

Susan ni wakili wake, mama wa makamo anayezungumza taratibu kama anayesomea mtoto imla. Alinipigia kesho yake. Akasema hakuna haja ya mimi kwenda popote mbali. Ataniandalia hati ya kiapo, niende niape mbele ya afisa wa ubalozi wao hapa Riyadh, basi. Nikaona kazi ni nyepesi. Kisha akaniuliza swali moja.

"Hili neno umelijuaje?"

"Kila Mkenya huku analijua."

"Kila Mkenya si shahidi wangu. Wewe, Shirleen, umelijuaje?"

Nilimwambia mchele unaungua, nikakata simu. Mchele haukuwa unaungua.

Nililijua kwa sababu nilikuwa. Miezi kumi na minne, Jeddah. Nyumba niliyopelekwa kwanza nililala sakafuni jikoni, simu yangu ikikaa kabatini kwa madam wa pale, na Alhamisi moja nilitoka kutupa takataka, sikurudi. Tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe yenye roshani za mbao zilizopindapinda. Asubuhi kila mmoja anakwenda upande wake. Nilifua, nilipiga pasi, niliosha ngazi za majengo ambayo hata majina yake siyajui. Jioni tunakula sinia moja, na anayechelewa anawekewa. Nilikuwa naogopa kila gari la polisi, hilo sikatai. Lakini nitasema na hili pia: miezi ile nilitembea barabarani mchana kwa miguu yangu, nikanunua sabuni niliyoipenda mwenyewe, na sikuwahi kumwomba mtu ruhusa ya kwenda msalani.

Halafu ikatangazwa nafasi ya watu kurekebisha karatasi zao, nikajitokeza, nikapata kafili mpya na ikama, kibali cha kuishi huku. Huyo ndiye Madam Munira. Mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mjane, mtu wa maneno machache. Ananipa Ijumaa yangu kila wiki na hajawahi kunipandishia sauti. Nilipoingia kwake aliniuliza kwa nini niliondoka Jeddah, nikamwambia kafili wangu alihama nchi. Mama yangu nyumbani nilimwambia hivyo hivyo. Huo uongo ulikuwa na miaka minne sasa, umenona, na mimi ndiye niliyekuwa naulisha.

Sasa Susan alitaka niuchinje hadharani. Alipopiga tena alinieleza bila kuficha: hati ya kiapo itasomwa mahakamani, na hukumu ikitoka itawekwa kwenye mtandao, mtu yeyote duniani anaweza kuifungua. Jina langu litakuwa humo. Madam akijua alichukua nyumbani mwake mtu aliyetoroka, akaongopewa juu yake, anaweza kusema halas, yaani basi, na kwa halas moja mtu huku anafunga begi.

Alhamisi tulikwenda soko la Al-Dirah, mimi na dereva wa Madam, Alfayo, kuchukua kahawa na hiliki. Alfayo ni mtu wa Siaya, mcheshi, ana ushauri wa kila jambo. Nilimweleza yote tukiwa kwenye foleni.

"Mwache ashinde kesi yake na wengine," alisema. "Kemboi wamejaa hapa Riyadh. Waape wao."

"Ujumbe ulitumwa kwangu, Alfayo."

"Basi apa nusu. Sema neno unalijua, ulilisikia sokoni."

"Na wakili wao akiniuliza nililisikia kwa nani?"

"Sema kwa Alfayo." Akacheka. "Lakini huyu mama yetu usimchezee. Unajua siku ya kwanza niliyokuja kazini alisoma ikama yangu mara mbili? Jina, kwa sauti. Juzi fundi wa maji kaja, Mkenya mwenzetu, akasimamishwa getini mpaka atoe kitambulisho. Wahindi hawaulizi. Wamisri hawaulizi. Ni sisi tu. Ana kitu na Wakenya, huyu."

Nilikuwa nimeliona hilo mwenyewe. Tukanunua hiliki tukarudi.

Nadhani ningefuata ushauri wa Alfayo wa kuapa nusu. Sitajifanya shujaa. Kilichonigeuza ni mama yake Selipher. Habari ya gazeti ilifika kijijini kwao, kama habari zote mbaya zinavyofika, na wanawake wa kanisani wakaanza kumuuliza, kila Jumapili, yule mkwe Mkalenjin ataleta ng'ombe lini. Selipher alinisimulia hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya vitunguu. Rafiki yangu amevumilia miaka mitatu ya kuamka alfajiri na kulala wa mwisho. Amesimama peke yake mbele ya jaji wa kizungu akajibu maswali siku mbili. Na zawadi anayopewa ni mume asiyekuwepo. Hasira iliyonipanda siku hiyo ilinisaidia kuliko maombi. Nilimwandikia Susan: uliza unachotaka, nitajibu.

Kwa Madam nilisema nusu. Nilimwambia rafiki yangu ana kesi Australia na mimi ni shahidi, nahitaji asubuhi moja niende ubalozini. Alinitazama kupitia juu ya miwani.

"Utasema kweli?"

"Ndiyo, madam."

"Nenda na Alfayo."

Ubalozini nilivaa gauni langu la kanisani, la buluu, ndani ya abaya. Afisa alikuwa kijana mpole, akanipa Biblia na hati ya Susan, kurasa nne. Aliniambia nisome kwanza, nisiharakishe. Nikasoma. Kipengele cha sita kilisema: "Mimi mwenyewe nilikuwa kemboi mjini Jeddah kwa miezi kumi na minne. Nililala chumba kimoja na wanawake watatu waliokuwa kemboi pia. Hakukuwa na mwanamume." Kuyaona maneno hayo yamepigwa chapa, kwa jina langu kamili, kulinifanya nikohoe. Nikaendelea. Kufika kipengele cha tisa nikaweka kalamu chini.

"Siwezi kutia sahihi," nikasema.

Afisa akainuka kidogo. "Kuna jambo si kweli?"

"Hapa mmemrudisha." Nilimwonyesha kwa kidole. Kompyuta ya Susan, au yeye mwenyewe kwa mazoea, ilikuwa imeandika Kemboi kwa herufi kubwa, mara moja tu, katikati ya mstari. "Hii ikibaki hivi, ni mtu. Tutakuwa tumerudi tulikotoka. Nataka herufi ndogo."

Alisoma mstari huo, akasoma na ya juu yake, nikaona ameelewa. Akaikata ile K kwa kalamu, akaandika ndogo juu yake, akatia herufi za jina lake pembeni, akanipa na mimi nitie zangu. Ndipo nikaapa. Nikaulizwa kama naapa kusema kweli, nikasema naapa, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alfayo alinisikia kutoka kwenye viti vya nje.

"Umeapa kwa niaba ya kemboi wote," aliniambia garini.

Miezi mitatu ikapita. Nilipika, nilifua, nilikwenda Ijumaa zangu. Kila Madam aliponiita jina nilidhani ni leo. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie mwenyewe, na mara mbili nikaishia kumuuliza kama chai iongezwe sukari.

Hukumu ilitoka Jumanne. Riyadh ilikuwa asubuhi, Melbourne jioni. Selipher alipiga simu. Nilisikia tu anapumua, na nyuma yake watu wanazungumza.

"Sele? Umeshinda au umeshindwa?"

"Fungua nilichokutumia," akasema. "Aya ya sabini na moja. Fungua sasa hivi, nataka nisikie unasoma."

Zilikuwa kurasa hamsini na mbili. Kiingereza cha mahakama ni kigumu, sentensi inaanza leo inaisha kesho, lakini aya ya sabini na moja jaji aliiandika kama mtu anayetaka aeleweke. Alisema ameukubali ushahidi wangu wote. Alisema kemboi, kwa herufi ndogo, ni neno linalotumiwa na wafanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya walioko Saudi Arabia, na maana yake ni mfanyakazi anayemwacha mwajiri wake bila ruhusa ili ajitegemee. Alisema si mtu, na hajawahi kuwa mtu katika kesi hii. Kwamba mlalamikaji alipotumia neno hilo alikuwa akimwambia rafiki yake kwamba amefika mwisho wa uvumilivu, na hivyo ndivyo mahakama inavyoamua alivyoondoka. Kisha akaongeza sentensi moja ambayo Susan hakuiomba: kwamba shahidi Shirleen alisema kweli katika jambo ambalo kunyamaza kungekuwa rahisi zaidi kwake.

Nikasoma yote kwa simu. Selipher akalia huko, mimi nikalia huku, kitunguu mkononi. Sijui kama nilikuwa nalilia kesi. Neno tulilolitunga sisi, wafuaji na wapika wali, tukicheka juu ya sinia moja Balad, lilikuwa limeingia kwenye sheria ya nchi ambayo hatujawahi kuikanyaga. Mtu yeyote akitaka kulitafsiri tena kule itabidi apitie kwetu. Sijasoma zaidi ya kidato cha nne. Lakini siku ile nilijiona mtu mzito.

"Mwambie mama yako ampe yule mkwe talaka," nikasema.

"Nishamwambia. Amesema Jumapili atatangaza mwenyewe kanisani."

Gazeti lile lile liliandika tena jioni hiyo, safari hii na jina langu ndani. Bintiye Madam anasoma habari za Kiingereza kutwa, na Ijumaa huja kula kwa mamake. Niliwaza nisubiri nione. Kisha nikawaza, jaji ameandika kwamba nilisema kweli ilipokuwa vigumu, na hapa nimejificha nyuma ya sufuria. Nikavua aproni, nikaenda sebuleni na simu yangu.

Madam alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani akikata kucha. Nilimwambia hukumu imetoka, na nataka kumsomea mahali nilipotajwa. Akaweka kikata kucha pembeni. Nikaanza, kwa Kiarabu changu cha jikoni, nikitafsiri kila sentensi kadiri nilivyoweza. Nilipofika kwenye miezi kumi na minne ya Jeddah sikuinua macho.

"Kafili wangu hakuhama nchi, madam. Nilikudanganya. Nilimkimbia."

Nikaendelea, maana kusimama kungekuwa kubaya zaidi. Nikafika kwenye neno lenyewe, na hapo akainua mkono.

"Kemboi," alisema, polepole. "Huyo namjua."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Kabla yako alikuwepo Hannah. Mkenya, mdogo kuliko wewe. Aliondoka asubuhi, akaacha karatasi juu ya friji. Nilimpa dereva wa zamani, Mtanzania, anisomee. Aliniambia imeandikwa, amekwenda na Kemboi." Alilitamka jina hilo kama mtu anavyolitaja deni la jirani. "Nilimtafuta. Nilitoa jina lake polisi. Miaka mitano kila Mkenya anayefika getini namsoma jina. Nilitaka nimwone huyo mwanamume aliyemchukua msichana nyumbani kwangu, nimuulize alimwahidi nini."

Nikaelewa ikama ya Alfayo iliyosomwa mara mbili. Nikaelewa fundi wa maji aliyesimamishwa juani. Katika siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Madam," nikasema, "hakuna mwanamume."

"Alimwandika jina."

"Si jina. Ndiyo hii jaji anaeleza hapa. Ni kuondoka tu. Mtu peke yake."

Akatazama mlango wa jikoni, kana kwamba friji ile inaonekana kutoka pale alipokaa, na karatasi bado iko juu yake.

"Basi alinikimbia mimi," akasema.

Ningeweza kusema hapana. Neno la kumpoza lilikuwa tayari mdomoni, naijua kazi hiyo, nimeifanya katika kila nyumba niliyofanyia kazi. Na kazi yangu, ikama yangu, kila kitu kilikuwa mikononi mwa huyo mama aliyekaa mbele yangu. Lakini nilikuwa nimekata herufi kubwa kwenye hati ya kiapo nikatia sahihi pembeni, na sikuona namna ya kuirudisha hapa sebuleni.

"Ndiyo, madam," nikasema. "Wewe."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mwalimu anayepokea jibu sahihi kwa swali ambalo hakupenda kuliuliza.

"Alikuwa hana Ijumaa," alisema. "Sikumpa. Wewe ukitaka kuondoka, utaandika karatasi?"

"Nitakuja hapa nikwambie, na begi langu mkononi."

"Vizuri." Alivaa miwani yake, akasogeza kiti cha pili karibu na chake, akanionyesha niketi. Miaka minne katika nyumba ile sikuwahi kukikalia. "Hiyo sehemu ya jaji, isome tena. Anza kwenye jina lako."

Nikakaa. Nikapanguza kioo cha simu kwa gauni langu, nikaanza kwenye jina langu, kwa sauti.